Mashine kuukuu ya kufulia sio takataka, msiiuze kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba sisi tulioko ughaibuni tunajaza makontena mashine mbovu za kufulia na kuzishusha nyumbani, alafu akamalizia kwa kusema kwamba mtu mzima anayekusanya mashine za kufulia za miaka ya hamsini amekosa kazi ya kufanya. Hilo la kwanza nakubaliana nae kabisa, uchafu unasafirishwa kweli na unaishia jalalani na wanaofanya hivyo waache. Hilo la pili ndo limenifanya nishike simu niandike, maana kazi hiyo mimi naifanya na naipenda, na naona ameichanganya na ule uchafu wakati ni mambo mawili tofauti.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Des Moines, jimbo la Iowa, huku Marekani. Riziki yangu ni kutengeneza mashine za kufulia na za kukaushia za watu, na muda ukibaki natafuta zile otomatiki za zamani, zinazofua na kukamua zenyewe, nazifungua, nazisafisha, nazirudisha kazini. Waswahili tuko wengi huku kuliko watu wanavyodhani, Wakongo na Warundi hasa, na sisi Wabongo na Wakenya tupotupo. Na ukitoka hapa kuelekea mashariki, kama kilomita 50 hivi, unafika mji mdogo unaitwa Newton, ambako ndo ilikuwa makao ya Maytag, kampuni ya mashine za kufulia. Kwa mtu wa kazi yangu kukaa jirani na Newton ni bahati kubwa, kwasababu nyumba za zamani za huku zina besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na kwenye besmenti za wazee mashine imekaa palepale ilipofungwa enzi hizo, mzee akifariki au akihamia kwa watoto wanauza vitu vya nyumba nzima kwa siku mbili tatu na ile mashine hakuna anayeitaka, mara nyingi unapewa bure bora tu ubebe mwenyewe upandishe ngazi, na ni nzito kwelikweli.

Nieleze kidogo Maytag ilivyoanza maana wengi nyumbani jina hilo hawalijui. Frederick Maytag na wenzake walianzisha kampuni mwaka 1893, na hawakuanza na nguo, walianza na vifaa vya kulishia mashine za kupura nafaka. Biashara ya shamba ina msimu, ukiisha kiwanda kinalala, kwahiyo mwaka 1907 wakatoa mashine ya kufulia ya mbao ili watu wapate kazi mwaka mzima. Mwaka 1922 wakaja na wazo la kuweka ajiteta chini kabisa ya pipa, ule mti wa katikati wenye mapezi, ukasukuma maji yapite kwenye nguo badala ya kuburuta nguo kwenye maji, na hapo ndo wakawa matajiri. Otomatiki yao ya kwanza ilichelewa, ni ya 1949. Bendix wa South Bend, Indiana, walishatoa yao mwaka 1937, ya mlango wa mbele wenye kioo, ila ile ilikuwa haina springi za kubeba mtikisiko, ilibidi ufunge kwa bolti kwenye sakafu ya zege la sivyo ikianza kukamua inatembea. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, viwanda vikaacha mashine za kufulia vikaanza kutengeneza vifaa vya jeshi, na vita vilipoisha ndo ikawa mafuriko, mwaka 1947 peke yake zikatoka za General Electric, ya Frigidaire ambayo wakati huo ni mali ya General Motors, na zile za kampuni ya St. Joseph, Michigan, iliyokuja kuitwa Whirlpool, zilizouzwa na maduka ya Sears kwa jina la Kenmore.

Sasa kinachotuvuta sisi wakusanyaji ni hiki. Kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kutatua shida ileile. Mota inazunguka tu, haijui kingine, sasa utafanyaje isukasuke nguo, alafu iache, alafu izungushe pipa zima kwa kasi mpaka maji yatoke? Frigidaire walifanya ajiteta yao ipande na kushuka, haiendi kushoto wala kulia, inapiga maji juu chini na nguo zinamezwa katikati zinaibukia pembeni, ukiiangalia unaweza kusimama pale mzunguko mzima bila kuchoka. Whirlpool na Kenmore za mkanda walitumia sumaku mbili za umeme zinazovuta vyuma viwili juu ya gia, moja kwa kusuka moja kwa kukamua, unasikia kabisa klak zikibadilishana.

Maytag tangu katikati ya miaka ya 1950 ndo walifanya kitu ambacho mimi naona ni akili kubwa kuliko zote. Mota yao inazunguka pande zote mbili. Ikienda upande mmoja, gia zilizozama kwenye oili zinageuza ule mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, nguo zinasukwa. Wakati wa kukamua ukifika, mota inageuzwa upande wa pili, na ile puli ya chini inapanda kwenye uzi wake kama nati inavyopanda kwenye bolti, ikipanda inaifungua breki, na pipa zima linaanza kuzunguka. Basi. Hakuna sumaku, hakuna klachi. Kazi ya klachi inafanywa na mkanda wenyewe, unateleza kidogo mpaka pipa lishike kasi, na mota imekaa kwenye kitoroli kidogo chenye springi kinachosogea ili mkanda usikatike wala usilegee. Vitu viwili vitatu tu vinafanya kazi ambayo wengine waliifanya kwa vitu kumi, na mfumo huo waliuendeleza kwa miongo kadhaa, wakibadilisha sura ya nje na rangi, zile pinki na njano na ile kijani ya parachichi ya miaka ya sabini, huku tumbo la mashine likibaki karibu lilelile. Tangazo lao la tivii la kuanzia mwaka 1967 lilikuwa la fundi mpweke anayekaa tu ofisini hana kazi sababu mashine haziharibiki.

Zinaharibika bwana, kila kitu kinachozunguka kinachoka. Lakini zinaharibika kwa namna ambayo mtu anaweza kuifuata. Kazi ninayoifanya zaidi ni ya sili, ule mpira unaozuia maji yasivuje. Mashine imekaa miaka arobaini hamsini, mpira wa sili chini ya pipa umekauka na kupasuka, maji yanapenya kidogo kidogo yanateremka mpaka kwenye beringi, na ikianza kukamua unasikia ngurumo nyumba nzima. Kwanza utoe ajiteta, na hapo ndo wengi wanaharibu, kwasababu sabuni ya miaka yote hiyo imegandia kwenye meno ya shafti, mtu anachukua nyundo anapiga, plastiki inapasuka na ajiteta ya mwaka ule huipati tena. Huhitaji nyundo. Jaza maji ya moto sana mpaka yafunike ajiteta, acha ikae, pitisha mkanda mnene chini ya mapezi, vuta juu taratibu huku unatikisa kushoto kulia, kama haijatoka ongeza maji ya moto rudia tena, itatoka. Alafu unafungua nati kwa spana yake maalumu, unatoa pipa la ndani ambalo ni chuma kilichopakwa enameli, unasafisha shafti mpaka ing'ae, unaweka sili mpya na beringi mpya, maana mikanda na sili na beringi za mashine hizi bado zinapatikana. Ukimaliza usiiwashe kwa furaha. Jaza maji mpaka juu, tandika gazeti kavu chini yake, uende ukalale. Asubuhi gazeti likiwa kavu ndo uunganishe umeme.

Kuna kijana mmoja wa Kikongo, kwao Uvira, anakuja kunisaidia jumamosi, amemaliza sekondari huku na alikuwa anafikiri ufundi wa umeme ni kompyuta tu. Siku nilipomfungulia taima aliinama akaitazama muda mrefu sana. Ndani ya taima kuna mota ndogo ya aina ya zile za saa ya ukutani, inasogeza ngoma ya plastiki yenye mabonde na vilima, na juu ya ngoma vimepangwa vijiulimi vya shaba, kijiulimi kikiangukia bondeni umeme unapita njia moja, kikipanda kilimani unapita nyingine. Bonde hili ni maji ya moto kuingia, kilima hiki ni mota kuzunguka. Ratiba nzima ya kufua imechongwa pale, unaweza kuisoma kwa kidole. Akaniambia (yaya kwao ni kaka), "Yaya, kumbe akili yake mutu anaiona na macho!" Siku hizi taima zenye vijiulimi vyeusi anazisafisha yeye, na mchoro wa waya anausoma mwenyewe bila kuniuliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na yule msomaji. Mashine nyingi za kisasa ninazoitiwa kwenye kazi yangu ya kila siku zimekufa kwa ajili ya bodi, ile sahani ya kielektroniki inayoiongoza mashine. Bodi imemwagiwa plastiki juu, huwezi kuifungua uone kilichoungua, na ikiwa mashine imetoka muda kidogo bodi yake haitengenezwi tena, kwahiyo mashine yenye mota nzima, pampu nzima na pipa zima inatupwa. Hiyo ndo takataka yenyewe ninayoiona mimi kila wiki. Ile ya taima, umeme ukikatika katikati ya kazi, ngoma inabaki palepale ilipofika, umeme ukirudi inaendelea kuanzia hapo, haipotezi kumbukumbu sababu kumbukumbu yenyewe ni plastiki iliyochongwa. Kwa mtu wa Dar au Mwanza nadhani sihitaji kueleza hiyo ina maana gani.

Lakini kwa kuwa nimesema uchafu usisafirishwe, niseme na hili kwa ndugu zangu wa ughaibuni wanaofikiria kupakia mashine ya Kimarekani, ya zamani au mpya, ili mama apumzike. Umeme wa huku ni volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wa nyumbani ni volti 230 na hezi 50. Watu wananunua transfoma ya kushusha volti wanaona wamemaliza. Transfoma inabadilisha volti, hezi haigusi. Mota na ile saa ya taima zinafuata hezi, kwahiyo kila kitu kinakwenda kwa tano juu ya sita ya mwendo wake, mota ya mizunguko 1725 kwa dakika inashuka mpaka kama 1440, dakika kumi za kusuka zinakuwa kumi na mbili, na kukamua kunapoa nguo zinatoka na maji zaidi. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni joto: mota ya hezi 60 ukiipa volti 120 kwenye hezi 50 chuma chake kinazidiwa na sumaku, inachemka. Ukitaka idumu transfoma yako itoe volti 100, sio 120, na iwe kubwa ya kutosha kwa ule mshtuko wa mota kuanza. Viwanda vyenyewe vilipotengeneza za kuuza nchi za hezi 50 vilibadilisha mota na puli. Kama haya yote ni mzigo kwako basi usiipakie, mnunulie mama mashine inayouzwa hukohuko.

Najua swali litakalofuata ni maji. Ni swali la haki. Mashine ya zamani ya kufungulia juu inameza kama lita 150 kwa mzunguko mmoja, na ya kisasa ya mlango wa mbele inatumia labda theluthi ya hapo. Sishauri mtu anayenunua maji kwa madumu aitumie kila siku, na hata sisi wakusanyaji wengi tuna mashine ya kawaida ya kazi za kila siku, za zamani tunazizungusha mara mojamoja ili mipira isikauke. Ila hata wahandisi wa zamani hili waliliona. Whirlpool, Kenmore na Maytag walikuwa na aina zenye kifaa cha kutunza maji ya sabuni, mashine ikimaliza kufua nguo za kwanza inasukuma yale maji ya moto yenye povu kwenye sinki kubwa la pembeni, yanakaa pale, uchafu unatuama, alafu ukiweka nguo za pili mashine inayavuta tena inafulia. Ndivyo mama zetu walivyofanya na beseni, nyeupe kwanza, za rangi baadae, za shamba mwisho. Mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza nilifurahi sana, na ninayo moja ambayo siiuzi kwa bei yoyote.

Na kwa atakayeokota moja popote alipo, tahadhari. Nyingi zina plagi ya pini mbili tu, hazina waya wa athi wa kwenda ardhini, na mashine ya chuma yenye maji bila athi inaua mtu, kwahiyo badilisha waya wote kabla ya kitu kingine. Kapasita za kabla ya 1979 zinaweza kuwa na mafuta yenye sumu ya PCB, usizitoboe, usizichome, weka mpya. Na zile za kabla ya otomatiki zenye rola mbili za kukamulia, nguo inapita katikati yake, watoto wasizisogelee kabisa zikiwa na umeme, zinavuta mkono.

Huko Eaton, Colorado, profesa mstaafu wa uhandisi wa umeme, Lee Maxwell, alijaza jumba mashine za kufulia zaidi ya elfu moja, nyingi ni za mkono na za rola za kukamulia, na watu walikuwa wanakwenda kuzitazama. Newton kwenyewe makumbusho ya wilaya yana sehemu ya Maytag. Kiwanda hakipo tena, Whirlpool waliinunua Maytag mwaka 2006 na mwaka uliofuata wakakifunga, na kwa mji wa watu elfu kumi na tano hivi ule ulikuwa msiba. Nimekutana na wazee waliofanya kazi mule ndani maisha yao yote, ukiwaletea gia mkononi wanakuonyesha kwa kidole ilifungwa vipi, oili kiasi gani, kosa gani lilikuwa linarudishwa nyuma. Wakiondoka hao, kilichobaki ni mashine zenyewe na vitabu vya mafundi, na kama visingekuwa vimehifadhiwa na watu ambao msomaji mwenzangu anasema wamekosa kazi, leo kijana wa Uvira asingekuwa na kitu cha kufungua.

Kwahiyo ombi langu kwa waliopo nyumbani sio kwamba mkusanye kama sisi. Najua wengi bado tunafua kwa mkono na nafasi ya kuweka mashine isiyotumika haipo. Lakini nyuma ya mahoteli ya zamani, kwenye hospitali za misheni, shule za bweni, nyumba za wazee waliofanya kazi na wageni, zipo mashine za taima, za Kiingereza, Kijerumani na Kimarekani, zimekaa chini ya mwembe zinasubiri mtu wa chuma chakavu aje na mizani. Vyuo vya ufundi vya VETA vingeweza kuchukua hata moja kila chuo, mwanafunzi aifungue mpaka msumari wa mwisho na airudishe, atajifunza mota, taima, swichi ya maji, mkanda na beringi kwenye kitu kimoja anachokishika kwa mikono yake. Na mafundi wa Kariakoo na Mombasa waliozitengeneza zilipokuwa mpya, kuna anayewauliza wanachojua?

Kwa aliye nayo na ameshaamua kuiuza, basi kabla ya mizani afanye hivi. Apige picha kile kibati chenye jina na namba ya modeli, huwa kiko nyuma au chini ya kifuniko. Afungue sehemu ya vitufe vya juu au kibamba cha nyuma aangalie ndani, mara nyingi kuna karatasi imekunjwa au imebandikwa, ni mchoro wa waya, aitoe taratibu maana imekauka na inavunjika kwenye mikunjo, aipige picha kwanza ikiwa palepale. Atoe taima ikiwa nzima na waya zake, asizikate karibu, aache kama shubiri moja kila waya na rangi zake zionekane. Atoe na vitufe na ajiteta. Vitu hivyo vinaingia kwenye ndoo moja na havina uzito wa kumpa mtu wa chuma chakavu hata mia mbili. Wakusanyaji wa huku tunavitafuta kila siku, na fundi wa jirani yako anaweza kuvihitaji kabla yetu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi mashine, mtu wa Tanga
Des Moines, Iowa, Marekani